Loda inayoshuka yenyewe: shajara ya mradi wetu wa karakana

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Leo tumegawiwa miradi ya muhula. Kundi letu tuko wanne, mwaka wa pili, fani ya ufundi wa mitambo mizito, na tumepewa loda ya matairi manne, mtambo wa kuzoa udongo kwa bakiti, lile koleo kubwa la mbele, iliyokuwa imeegeshwa nyuma ya karakana tangu kabla hatujafika chuoni. Mafundi wengi wa huku Kanda ya Ziwa huiita kijiko tu. Injini yake inawaka. Gia zinaingia. Ugonjwa wake ni mmoja: ukiinua mikono ukaacha levya, baada ya muda bakiti linakuwa limeshuka. Hakuna anayeigusa levya, mikono inashuka yenyewe.

Mwalimu wetu wa haidroliki, yaani kazi ya mafuta yenye presha, ametupa wiki sita na sharti moja, kila tunachofanya kiandikwe. Nimejitolea kuwa mwandishi. Nimeomba niandike kwa Kiswahili na amekubali, ingawa ripoti ya mwisho itakuwa ya Kiingereza. Vitabu vyetu vyote ni vya Kiingereza, lakini ukiingia karakana hakuna mtu anayefikiri kwa Kiingereza akiwa na spana mkononi. Nataka kundi litakalotufuata lisome hapa jinsi tulivyoongea kweli.

Jumanne, 8 Oktoba

Siku nzima ni kuosha. Mtambo wenye tope la miaka haukaguliki. Tumekwangua udongo uliochanganyika na grisi hadi ikaonekana rangi ya njano ya mtambo, na hapo ndipo tulipoanza kuona mambo. Silinda ya kushoto, moja ya mbili zinazoinua mikono, ina unyevu wa mafuta kwenye shingo, pale fimbo inapotokea. Hosi moja ya presha imepasuka ganda la nje. Mfuniko wa tangi la mafuta ya haidroliki haupo, na mahali pake pamezibwa na kipande cha kiroba cha sukari kilichofungwa kwa waya.

Mwalimu alikiona kile kiroba akakaa kimya muda mrefu. Kisha akatuambia tuandike kwa herufi kubwa, nami naandika: TANGI LILIKUWA WAZI.

Kabla ya kugusa chochote alitupitisha kwenye usalama, na hili sitalifupisha. Loda hii imekatika katikati, fremu ya mbele na ya nyuma zimeungwa na kiungo kinachopinda inapokata kona. Ukisimama pale katikati mtu akagusa usukani, umebanwa. Kwa hiyo kwanza inapigwa pini ya kufunga kiungo. Pili, swichi ya betri inafungwa kwa kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwa anayefanya kazi, na kibao cha USIWASHE kinatundikwa. Tatu, mikono ikiwa juu haiaminiwi kushikwa na mafuta hata mara moja. Linavalishwa lile gongo la chuma juu ya fimbo ya silinda. Nne, injini ikishazimwa, levya zote zinachezeshwa ili presha iliyobaki ndani itoke.

La tano ni la mikono yetu wenyewe. Uvujaji hautafutwi kwa kiganja. Mafuta ya presha yakitoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi, na jeraha linaonekana dogo tu, kama umechomwa na mwiba, kumbe ndani nyama inaharibika. Hiyo ni kesi ya upasuaji wa haraka, si ya kupaka dawa na kurudi kazini. Unatumia kipande cha boksi. Mwenzetu mmoja ana kaka yake fundi aliyepoteza kidole hivyo. Alitusimulia, na tangu hapo maboksi yapo kila kona ya karakana.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo tumepima ugonjwa wenyewe. Tumejaza bakiti mchanga, tukapasha mafuta kwa kuendesha levya hadi kipimajoto kikasoma nyuzi 50, kwa sababu mafuta baridi ni mazito na yanaficha uvujaji. Tukainua mikono, tukazungushia eneo kamba watu wasipite, tukaweka alama ya chaki kwenye fimbo ya silinda, tukazima injini. Geji ya presha tuliifunga upande wa chini wa silinda, upande unaobeba mzigo.

Baada ya dakika 10 fimbo ilikuwa imeingia ndani mm 92. Presha: bar 48 mwanzoni, bar 47 mwishoni.

Tukajadili. Wote wanne tulisema jambo lile lile: sili za pistoni, zile ringi za kuzuia mafuta yasipite, zimekufa. Mafuta yanapita kutoka chini ya pistoni kwenda juu yake, mzigo unashuka. Hata mafundi wa mtaani tuliowauliza wamesema hivyo. Mwalimu aliuliza swali moja, "Mna uhakika?" Tukasema ndiyo. Akasema, "Haya, andikeni."

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere, karakana imefungwa. Nimebaki bwenini na daftari.

Nimepiga hesabu ya silinda zetu ili nijue tunashika kitu cha aina gani. Kipenyo cha ndani tulikipima mm 110, fimbo mm 60. Uso wa pistoni upande wa chini ni sentimita za mraba 95. Kwenye bar 200 kila sentimita ya mraba inasukumwa na nyutoni 2,000. Kwa hiyo silinda moja inasukuma kilonyutoni 190, yaani zaidi ya tani 19. Bomba ambalo naweza kulikumbatia kwa mikono yangu miwili!

Upande wa juu, fimbo inakula nafasi. Unabaki sentimita za mraba 67 hivi, ndiyo maana silinda hiyo hiyo inavuta kwa tani 13 na nusu tu, lakini inarudi haraka kuliko ilivyotoka kwa sababu inahitaji mafuta kidogo. Nilikuwa nimeliona hilo kwa macho tangu mwaka wa kwanza, mikono kushuka upesi kuliko inavyopanda, nikadhani ni uzito tu.

Nyumbani mama aliwahi kuniuliza ninasomea nini hasa. Nikamwambia kutengeneza magreda na matingatinga. Akauliza kama kuna kazi. Huku kwetu kuna migodi ya Geita, Bulyanhulu na North Mara, kuna reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka yenye kilomita 341 inayojengwa, na lile daraja la Kigongo hadi Busisi linavuka ziwa mbele ya macho yetu. Kila mahali hapo udongo unahamishwa na mafuta yaliyobanwa ndani ya chuma. Nilimjibu, kazi ipo mama, ila wanaotafutwa ni wanaojua.

Jumatano, 16 Oktoba

Tumeshusha silinda zote mbili. Pini ya juu ya kushoto iligoma asubuhi yote, grisi ilikuwa imekauka ikawa kama mkaa. Tulipasha bushi kwa moto kidogo, tukaigonga kwa nyundo ya shaba, ikatoka saa nane mchana. Kila mdomo wa hosi tumeuziba kwa kofia ya plastiki mara tu ulipofunguliwa, na kila hosi imefungwa kitambaa cha rangi yake. Hakuna matambara ya pamba karibu na mdomo wowote ulio wazi, yanaacha nyuzi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Silinda zimefunguliwa. Shingo imezungushwa kwa spana ya ndoana, fimbo ikavutwa taratibu ikiwa imetundikwa kwenye winchi ili isikwaruze ukuta wa ndani.

Tulichokuta kushoto: sili ya fimbo imekakamaa na imepasuka ukingo, ndiyo iliyokuwa ikiloanisha shingo. Sili ya kufuta vumbi haina mdomo kabisa. Ringi za kuongozea zimelika upande mmoja. Sili ya pistoni imechoka lakini ni nzima. Kulia hali ni hiyo hiyo, afadhali kidogo.

Hapo nilipaswa kusimama nifikirie. Sili ya pistoni nzima! Tulikuwa tumeilaumu hiyo, na iko mkononi mwangu haina hata mkato. Lakini ukiwa umeshafungua kitu, umejaa mafuta hadi viwikoni, unaona vilivyochakaa vingi, unajiridhisha kwamba jumla ya uchakavu wote ndiyo ugonjwa.

Fimbo tumezilaza kwenye vitako vya V tukazizungusha chini ya saa ya kipimo. Zimenyooka. Kromu ina mikwaruzo miwili upande wa kushoto. Mwalimu alipitisha ukucha juu yake, akasema ukucha ukinasa fimbo inakwenda kupigwa kromu upya, usiponasa inang'arishwa. Haukunasa.

Kuta za ndani ziko laini. Tumezisugua kwa jiwe la kuhoni kidogo tu, tukaosha kwa dizeli, kisha kwa mafuta safi, mpaka karatasi nyeupe ikapita ndani ikatoka nyeupe.

Jumatano, 23 Oktoba

Sili zimefika kutoka Mwanza. Seti mbili, shilingi 180,000, fedha ya mradi. Tumezilinganisha na za zamani moja baada ya nyingine kwa vernia kabla ya kukata hata plastiki ya pili, maana zikishachafuka duka halizipokei.

Leo nimeharibu sili moja. Nilikuwa naingiza shingo juu ya fimbo, nikasukuma kwa nguvu, ukingo wa uzi wa fimbo ukakata mdomo wa sili mpya. Nilihisi mkato kabla sijauona. Wenzangu hawakunisema, lakini shilingi zile si zangu peke yangu, na usiku nimelala vibaya.

Mwalimu alitufundisha kitu ambacho hakimo kitabuni. Unakata chupa tupu ya maji ya kunywa, ile plastiki nyembamba, unaizungushia kwenye uzi wa fimbo kama koti. Sili inateleza juu yake bila kugusa uzi, kisha unaivuta plastiki. Ile ringi ngumu ya pistoni tuliilegeza kwa kuichovya kwenye mafuta ya moto, ikavutika, ikaingia mahali pake, tukaibana na bomba ipoe ikirudi kwenye umbo lake. Sili ya kubadilisha ile niliyoikata ilipatikana kwa fundi wa mjini siku hiyo hiyo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Silinda zimerudi mahali pake. Nati za pistoni zilikazwa kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu. Mafuta yamejazwa, mikono imepandishwa na kushushwa polepole mara kumi bila mzigo ili hewa itoke. Shingo kavu, hazina hata tone. Tulikuwa na furaha, mwenzetu mmoja alikuwa tayari anapiga picha.

Bakiti mchanga, nyuzi 50, chaki, injini imezimwa. Dakika 10.

Mm 88.

Tumerudia. Mm 89.

Hakuna aliyesema kitu. Wiki tatu za kazi zimetupa nafuu ya milimita nne. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Kesho asubuhi nataka mnieleze mafuta yalikwenda wapi. Si kwa maneno. Kwa namba."

Jumanne, 29 Oktoba

Ukurasa huu naomba kundi lijalo liusome mara mbili.

Silinda ikishuka mm 92, yaani sentimita 9.2, kiasi cha mafuta kinachotoka chini ya pistoni ni 9.2 mara 95, mara silinda mbili. Ni sentimita za ujazo 1,748, karibu lita moja na robo tatu. Nafasi inayofunguka juu ya pistoni ni 9.2 mara 67 mara mbili, karibu 1,230. Hebu sasa tuseme sili za pistoni zinavuja kabisa, hata hazipo. Mafuta ya chini yanakwenda juu. Lakini ya chini ni 1,748 na nafasi ya juu ni 1,230. Zinabaki sentimita za ujazo 518, zaidi ya nusu lita, ambazo hazina pa kukaa. Ni nafasi iliyochukuliwa na fimbo zenyewe zikiingia ndani.

Nusu lita hiyo haiwezi kupotea ndani ya silinda. Mafuta hubanika, ndiyo, lakini kidogo sana, karibu nusu asilimia kwa kila bar 70. Mafuta yote yaliyomo kwenye silinda zetu mbili hayafiki lita 15. Ukiyabana kwa bar 100 na zaidi utapata nafasi ya kikombe kidogo cha kahawa, si nusu lita.

Kwa hiyo, kama vali kuu, ile inayoruhusu mafuta kuingia na kutoka kwenye silinda, imefunga barabara pande zote mbili, sili za pistoni hata ziwe zimekufa, mikono ingeshuka sentimita mbili au tatu hivi halafu ingesimama. Mafuta ya juu na ya chini yangekuwa na presha moja, na mzigo ungebebwa na unene wa fimbo peke yake. Unene huo ni sentimita za mraba 28 tu badala ya 95, kwa hiyo presha ingepanda kutoka bar 48 hadi kama 160, na kukaa hapo.

Nikafungua ukurasa wa tarehe 10 Oktoba. Kwa mwandiko wangu mwenyewe: bar 48 mwanzoni, bar 47 mwishoni. Haikupanda. Geji ilikuwa imetuambia tangu siku ya kwanza ya vipimo kwamba mafuta hayaendi juu ya pistoni, yanatoka nje ya silinda kabisa na kurudi tangini. Niliiandika namba bila kuisoma.

Tulimpelekea mwalimu hesabu. Aliisoma yote akiwa amesimama, akarudisha daftari, akasema, "Sasa twendeni kwenye vali." Nilimuuliza kama alijua tangu mwanzo. Alisema alishuku, lakini sili zile zilihitaji kubadilishwa hata hivyo, fimbo ingeanza kuvuja nje kabla ya Desemba. Nadhani ni kweli. Nadhani pia alitaka tufike kwa miguu yetu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Kwanza tumefanya kipimo ambacho tungepaswa kukifanya kabla ya kuteremsha silinda. Mikono juu kabisa hadi mwisho wa safari, gongo la usalama limevaa, presha imetolewa. Tukafungua hosi ya upande wa juu wa silinda ya kushoto, tukaziba hosi, tukauacha mdomo wa silinda wazi ukitazama kwenye ndoo. Injini ikawashwa, levya ikavutwa kupandisha, presha ikajaa chini ya pistoni. Sote tukiwa mbali, tukitazama ule mdomo. Yalitoka matone machache yaliyokuwa yamebaki, basi. Kulia pia kimya. Pistoni zinashika. Ni nusu saa ya kazi.

Yanabaki maeneo mawili: spuli ya vali kuu, kile chuma kinachoteleza ndani yake kuelekeza mafuta, au rilifu vali ndogo, ile inayofunguka presha ikizidi, inayolinda upande wa chini wa silinda za mikono. Spuli huvuja kidogo siku zote, ni chuma ndani ya chuma na nafasi yake ni ya maikroni (elfu moja za milimita) chache, lakini si lita na robo tatu kwa dakika 10.

Mwenzetu kutoka Tarime ndiye aliyetoa wazo. Alisema vali ya bakiti ina rilifu inayofanana na hii. Tuliangalia kitabu: namba moja ya kipuri, presha moja. "Tubadilishane. Ugonjwa ukihama, tumempata."

Tukabadilishana. Saa kumi jioni, mchanga, chaki, dakika 10: mm 8 tu. Na bakiti, ambalo lilikuwa halina shida tangu tulipokabidhiwa mtambo, likaanza kuinama lenyewe mbele ya macho yetu, mchanga ukimwagika polepole.

Sijawahi kufurahi hivi kuona mtambo ukiharibika.

Jumatatu, 4 Novemba

Rilifu imefunguliwa juu ya meza iliyotandikwa karatasi, mikono imeoshwa. Ndani kuna koni ndogo ya chuma inayokaa kwenye kiti chake kwa nguvu ya springi. Kati ya koni na kiti kulikuwa na kipande cheusi cha mpira, chembamba kama ganda la maharage, kirefu hakifiki mm 3. Basi. Hicho ndicho kilichokuwa kikishusha mikono ya mtambo wa tani kumi.

Tumekagua kiti kwa lenzi. Hakijachimbika. Koni inang'aa kote. Tumeosha, tumepuliza kwa hewa kavu, tumerudisha bila kugusa bolti ya kuseti presha.

Mwenzetu alitaka tufunge tuandike kwamba kazi imekwisha. Nilikataa, na tulibishana kidogo. Kipande cha mpira hakizaliwi ndani ya vali. Kimetoka mahali, na pale kilipotoka kuna vingine. Rafiki yangu wa kundi, dada wa Kahama, ambaye huwa hasemi sana, alikwenda kutuonyesha ile hosi iliyopasuka ganda la nje, tuliyoiandika tarehe 8 na kuisahau. Ni hosi inayotoka kwenye pampu kwenda kwenye vali kuu. Tuliivua, tukaipasua kwa urefu kwa msumeno.

Ndani ilikuwa imeumuka kama maandazi. Mpira wa ndani umeachana na nyaya, malengelenge kila mahali, na kwenye malengelenge mawili ngozi imekatika. Kipande chetu kiliingia kwenye tundu la mojawapo karibu sawasawa.

Alhamisi, 7 Novemba

Hosi mpya imetengenezwa mjini. Fundi wa hosi aliuliza vitu vitatu kabla ya kukata: presha, kipenyo cha ndani, na joto la mafuta. Tumechukua yenye matabaka mawili ya nyaya. Alitueleza kwamba hosi za haidroliki hujengwa zipasuke kwenye presha mara nne ya ile iliyoandikwa juu yake, na hiyo ziada ni ya mishtuko, siyo ruhusa ya mtu kununua hosi ndogo. Tulimwomba apulize ndani baada ya kukata. Aliipitisha sponji mara mbili kwa hewa, vumbi jeusi la mpira likatoka. Nimewahi kuona hosi zikikatwa na kufungwa moja kwa moja mtamboni. Lile vumbi lote linakwenda kwenye vali.

Mfuniko wa tangi haupatikani. Tumekereza wetu kwenye mashine ya kukereza, pamoja na chujio dogo la kupumulia, kwa sababu tangi linavuta hewa kila mikono inapopanda, na hewa ya hapa msimu wa kiangazi ni vumbi jekundu. Jicho la mtu haliwezi kuona chembe iliyo chini ya maikroni 40 hivi. Nafasi ya spuli ni ndogo kuliko hapo. Kwa hiyo mafuta yanayoonekana masafi kwenye glasi yanaweza kuwa yanakula vali.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua ya vuli imeanza, karakana inavuja kwenye kona ya kulehemu, tumesogeza loda.

Mafuta ya zamani yamemwagwa kwenye mapipa ya taka. Chini ya tangi tulikuta tope laini, nyuzi za kiroba, na vipande vingine vitano vya mpira mweusi. Tangi limefutwa kwa sponji. Filta ya kurudishia imekatwa tuone ndani: mpira na vumbi, chembe za chuma hazipo, kwa hiyo pampu haijajila. Hilo lilitupa pumzi.

Tulikuwa na mabishano juu ya mafuta. Kitabu kinaruhusu 46 au 68 kulingana na joto. Namba hizo ni mnato wa mafuta kwenye nyuzi 40, kwa hiyo 68 ni mazito zaidi. Huku joto la mchana kazini linapandisha mafuta vizuri tu, na mtambo huu pampu yake si mpya. Tumechagua 68. Mwalimu amekubali baada ya kutusikiliza, hakutupa jibu.

Tumejaza, tumeendesha nusu saa bila mzigo, tumebadilisha filta tena ikiwa bado mpya, tumeendesha kwa mzigo. Presha kuu imesoma bar 195, kitabu kinataka 200, ndani ya kiwango.

Ijumaa, 15 Novemba

Kipimo cha mwisho, mbele ya walimu wawili na kundi la mwaka wa kwanza lililokaa nyuma ya kamba.

Bakiti mchanga. Mafuta nyuzi 50. Presha upande wa chini bar 48. Chaki. Injini imezimwa saa nne na dakika tano asubuhi. Saa nne na robo: fimbo ya kushoto imeingia mm 7, ya kulia mm 7. Bakiti halikuinama. Shingo kavu.

Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza ameniuliza kwa nini mm 7 na si sifuri. Nimemchorea spuli kwenye vumbi, nikamwonyesha ile nafasi ya maikroni chache, na mafuta yanavyojipenyeza polepole hata vali ikiwa nzima. Ameuliza tena kama tulijuaje kwamba si sili. Nimempa shajara hii akae chini ya mwembe aisome kuanzia tarehe 10 Oktoba, na nimemwambia asifungue ukurasa wa tarehe 29 mpaka aitazame ile namba ya geji yeye mwenyewe.

Loda imekabidhiwa saa sita. Mchana huu imebeba kokoto za jengo jipya la bweni. Kipande cha mpira kiko kwenye mfuko wa nailoni, nimekibandika nyuma ya jalada la daftari hili pamoja na kipande cha hosi iliyopasuliwa. Breki ya maegesho inashika vibaya kwenye mteremko, dereva ametuambia, na hiyo haikuwa kwenye mradi wetu. Tumeiandika ukurasa unaofuata, na Jumatatu tunaanza kwa kuipima.